Pete Mbili za Lango la Bel-Air

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule baba aliporudi kutoka kazini mchana, saa ambayo hakuna mwanaume wa kambi ya migodi aliyekuwa akirudi, akaweka kofia yake ya kazi juu ya meza na kumwambia mama, "Bamenirudisha," yaani kampuni imemwachisha kazi. Mwaka wenyewe sitautaja. Ninyi wa rika langu mliokuwa Lubumbashi mnaujua, na asiyeujua hautamfaa kitu. Posho ilikatika, nyumba ya kampuni tukaiacha, tukahamia mtaa wa Hewa Bora kwenye vyumba viwili vya matofali ya udongo. Shida ilianzia hapo, na mimi pia, nikijiangalia vizuri, nilianzia hapo.

Sikusoma. Darasa la sita la msingi ndilo lililonitosha. Haya ninayaandika kwa mkono wangu na mjukuu ananyoosha maneno, lakini nimemkataza kunyoosha mambo.

Ninayaandika kwa sababu ya lango. Mwezi uliopita niliitwa mtaa wa Bel-Air kung'oa lango la zamani la chuma, wenye nyumba walitaka jipya la kuteleza kwa umeme. Kazi ya kung'oa huwa nawaachia vijana wangu, lakini nilipopewa jina la barabara nilipanda gari mwenyewe. Nililijua lango lile. Baba ndiye aliyelitengeneza, la kwanza kubwa maishani mwake, na sikuwa nimelitazama kwa karibu tangu nilipokuwa mtoto. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze msumari.

Baba hakuwa fundi wa kuchomelea, sudere kama tunavyosema kwetu. Kampuni ilimlipa miaka mingi abebe vyuma vya masudere, ashike huku wao wakichoma. Aliporudishwa akasema alichokishika kwa miaka yote ile naye atakichoma. Akapata mashine kuukuu, akaanza kutengeneza vyuma vya madirisha, maana watu wote waliogopa wezi. Mtindo wa wakati ule ulikuwa pembetatu: vyuma vitatu vya urefu sawa, na katikati pete ya chuma. Pete ile lazima iguse vyuma vyote vitatu. Isipogusa hakuna pa kuchomelea. Baba alikuwa akiniambia, "Mutoto, chuma haiungane na hewa."

Kuipata katikati ya pembetatu alikuwa na njia yake, na niliamini ni Mungu mwenyewe aliyemfundisha. Alikata kartoni ya umbo lile lile. Alipigilia msumari kwenye ubao mpaka ncha ikatokeza juu, akaiweka kartoni juu ya ncha na kuisogeza polepole, huku imeinama, huku imeinuka, mpaka ikatulia bila kuegemea popote. Hapo akabonyeza. Tundu lile ndilo katikati. Kutoka kwenye tundu alivuta uzi mpaka upande wa karibu, na urefu wa uzi ukawa kipimo cha pete. Pete ikikunjwa na kuwekwa, inagusa pande zote tatu kama vile ilizaliwa humo. Harufu ya kartoni iliyolowa jasho la mikono yake na ya chuma kilichoungua ninaisikia hata sasa. Nilikuwa nikizuia pumzi nisije nikaitikisa kartoni. Niliona uchawi, na mchawi alikuwa baba yangu, mtu ambaye kampuni ilisema haina kazi naye.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja wa Bel-Air akitaka lango la milango miwili. Juu liwe limepanda kama paa, refu katikati, fupi pembeni, na juu katika kila nusu, ndani ya pembetatu ya mteremko ule, kuwe na pete. Mama alilia kwa furaha. Lango lile likisimama vizuri kwenye barabara ile, jina la baba litasimama nalo. Likimshinda, atarudi kubeba vyuma vya wenzake, kama atapata wa kumpa. Hakuna aliyelisema hivyo, lakini hata mimi nililisikia kwenye namna tulivyokuwa tukila bukari, ugali wetu, kimya.

Alianza na nusu ya kushoto. Akaimaliza, akaiegemeza ukutani, akasimama mbele yake muda mrefu. Niliona ameziba nafasi fulani kando ya pete kwa vipande vya chuma, nikafikiri ni urembo.

Shuleni tulikuwa na mwalimu, Metre Banza. Metre ndivyo tulivyowaita walimu wote. Mwembamba, mpole, mikono yote chaki. Siku moja akachora ubaoni pembetatu ya kombo, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Akasema, "Leo tunatia duara ndani. Iguse pande zote tatu. Iguse, isikate. Iguse, isiache." Akachukua bikari kubwa ya mbao, akaigawa kila pembe katikati kwa mistari, na pale mistari ilipokutana akaweka ncha. Kazi ile ilichukua muda. Mimi nilikuwa nikitikisa mguu chini ya benchi. Nikainua mkono.

"Metre, kwetu baba anaipata na musumari moja tu."

"Na musumari?"

"Ndiyo, Metre. Hii mistari yako yote ni kazi ya bure."

Darasa likalipuka. "Yeeee! Huyu atapigwa leo!" Lakini Metre hakunipiga. Aliiweka chini ile bikari, akaniuliza msumari unafanya nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo.

"Bon," akasema. "Ambia baba yako akuye atuonyeshe. Siko nacheka. Ninapenda kuona."

Leo ninayasikia maneno yale kama yalivyokuwa: mtu mwenye hamu ya kujua. Wakati ule niliyasikia kama mtu anayekunja ngumi. Nikakimbia nayo nyumbani. Nikamkuta baba na jirani yetu Baba Sefu, fundi cherehani, asili yake Maniema, mwenye mdomo ambao mtaa mzima uliupenda na kuuogopa. Alikuwa amekuja kutengenezewa mbabula yake, jiko la makala, makaa ya kupikia. Nikayasema yote mbele yake, kwa sauti.

"Aaah!" Baba Sefu akapiga makofi. "Metre amekuita kwa tribinali, kwa mahakama, ndugu yangu! Utaenda ao utajificha chini ya kitanda?"

Baba alitazama nusu ile ya lango ukutani kabla ya kujibu. Hilo ninalikumbuka. "Nitaenda," akasema. "Ni musumari tu."

Mama alimvuta kando. "Unaenda kufanya nini kule? Mwalimu ni mwalimu. Bakikucheka?"

"Mutoto ameshasema," baba akajibu. "Nikikosa kwenda, njo yeye batamucheka."

Akavaa koti lake la harusi. Kwapani alibeba ubao wenye msumari, umefungwa kwa gazeti kama samaki. Tulipoingia darasani watoto wote walisimama, "Bonjour, baba!" na baba akavua kofia, mtu mzima, mbele ya watoto. Metre alimpa mkono na kumwita mwalimu. Nilivimba kwa fahari.

Metre alikuwa amekata kartoni mapema, pembetatu ya kombo kama ile ya ubaoni. Akampa. Baba akaiweka kwenye ncha. Ikainama, ikainuka, ikatulia. Akabonyeza. "Iko hapa," akasema. Akavuta uzi mpaka upande wa karibu, akafunga kipande cha makala, akaanza kuizungusha duara. Nilikuwa benchi la mbele. Niliona mkono unaanza vizuri, halafu unapunguza mwendo. Makala yaligusa upande mmoja. Chini yakapita bila kugusa. Yakaanza kupanda kuelekea upande wa tatu, na upande wa tatu ulikuwa mbali, mbali kweli. Mkono wa baba ukasimama hewani.

"Ngoja kwanza, baba," Metre akasema upesi. "Kosa ni yangu. Ile kartoni nilikata mubaya."

Akaiondoa na kuigeuza, uso wenye makala ukalala juu ya meza. Akachukua mkasi na rula, akakata nyingine, safari hii akipima pande zote tatu ziwe sawa. Akamnyooshea. Baba hakuipokea mara moja.

"Metre, ile ya kwanza..."

"Ile ya kwanza ni yangu, baba. Fanya hii."

Walitazamana. Mimi nilidhani ni mtazamo wa watu wawili uwanjani, mmoja ameshajua ameshindwa. Hapo nilikuwa sahihi. Nilikosea tu ni yupi.

Baba akaiweka ya pili kwenye msumari, akabonyeza, akazungusha, na duara ikagusa pande zote tatu, safi. Metre akainyanyua darasa zima lione. "Mumeona? Njia ya baba inafika." Wakapiga makofi. Mimi nilipanda juu ya benchi na viatu vyangu vya plastiki, nikapiga kelele: "Baba amemushinda Metre! Metre amekata mubaya, baba amemushinda!" Na Metre, Mungu amweke pema, akacheka na kuinamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa kweli. Baba hakucheka. Aliichukua kartoni ile ya kwanza pale mezani, akaikunja, akaitia ndani ya koti.

Njiani alitembea haraka hata nikawa nakimbia nyuma yake. Nilikuwa naimba. Nilitunga mwenyewe, msumari umemeza chaki, msumari umemeza chaki, na kila tuliyekutana naye nilimsimulia. Baba aliniambia mara moja tu, bila kugeuka, "Nyamaza, mama." Aliniita mama aliponipenda sana, kwa hiyo sikunyamaza.

Baba Sefu alikuwa mlangoni kwake, mguu juu ya cherehani. "Na tribinali?"

"Ameshinda!" nikasema.

"Profe!" Baba Sefu akasimama, akapiga saluti. "Batu ba Hewa Bora, mukuye muone! Tuko na profesa!"

Jina likamganda. Kufikia Jumapili hata padri alikuwa akisema Profe. Wateja walikuja wakitaka madirisha ya Profe. Mama mwenyewe akawa Mama Profe, na alilipenda. Baba aliitika. Alikuwa akiitika huku anatazama chini, nami nikasema, baba yangu hana majivuno.

Siku chache baadaye alinikuta nimekaa karibu na ubao wa msumari, nikimkatia kartoni huku nikimngoja. Akaniambia, "Kuanzia leo usikate tena kartoni." Nililia. Nilifikiri kwa kuwa amekuwa mtu mkubwa hataki tena mtoto karibu na kazi yake. Kazi ya nusu ya kulia ikasimama. Kila mchana alivaa koti, anasema anaenda Luano, karibu na uwanja wa ndege, kuona mtu wa vyuma. Alirudi jioni bila chuma, na mkono wa koti una weupe. Niliwatangazia watoto wa mtaa kwamba baba anapaka chokaa nyumba za ndege. Halafu siku moja akarudi kwenye mashine, akachoma nusu ya kulia bila kumwita mtu, na lango likapelekwa Bel-Air kwa mkokoteni.

Mwisho wa mwaka tulikuwa na mtihani. Pembetatu ya kombo, duara ndani. Mistari ya Metre sikuwa nimejifunza, ya nini, na baba alishashinda. Nilikata karatasi ya umbo lile, nikaisawazisha juu ya ncha ya bikari, nikachora, haikugusa. Nikanenepesha mstari kwa penseli. Nikaunenepesha tena, mpaka ukagusa. Metre alinirudishia karatasi bila neno jekundu hata moja, na kwenye mstari ule mnene aliweka kidole tu, akaniangalia, akapita. Mwaka uliofuata sikurudi. Siyo kwa sababu ya duara, ni shida. Nikauza makala barabarani.

Nisiwachoshe na safari yote. Macho ya baba yalipoanza kuharibika, macho ya masudere wote huharibika, nilishika mashine yake. Mwanamke wa kuchomelea! Wanaume walikuja kutazama kama sarakasi, nikawafukuza, halafu wakaja kama wateja. Na lango langu la kwanza la kupanda juu kama paa, nililipima kwa msumari. Pete ikagusa chuma cha mteremko peke yake. Chini vidole viwili vilipita. Upande wa nguzo, kile chuma cha wima cha katikati ya lango, shibiri nzima ilikuwa wazi. Nikaziba kwa vipande. Nikarudia, nikaziba tena. Nilipoteza vyuma vingi kabla ya kujua kwamba msumari unatafuta mahali uzito unapotulia, na pete inatafuta mahali ambapo pande zote ziko mbali sawasawa, na mahali hapo pawili hapalingani ila pembetatu ikiwa sawa kila upande. Hakuna aliyenifundisha. Chuma kilichoharibika ndicho kilichonifundisha, na siku nilipoelewa nilikaa juu ya gunia la makala nikaona darasa lile upya: mkasi wa Metre, rula, kartoni ya pili. Mwalimu alikuwa amembeba baba yangu mgongoni mbele ya watoto wote, na mimi nikapanda juu ya benchi kupiga kelele.

Nilipata aibu. Lakini sikilizeni ni aibu ya namna gani, maana hapo ndipo ninapotaka kufika. Nilimwonea aibu baba. Nilisema moyoni, mzee huyu ameishi miaka yote na msumari wake akifikiri alishinda. Alikuwa hai bado, amekaa kwenye kiti uani, haoni vizuri, na kila mpita njia anamsalimia Profe. Ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza, nilimhurumia. Nikauficha ujinga wake kama mtu anavyoficha chungu kilichopasuka wageni wakija. Watu wakisema, "Ile akili ya vyuma umetoa kwa Profe," nilisema ndiyo, na ndani nilikuwa nacheka kidogo. Mimi, wa darasa la sita, nilikuwa nacheka. Alipokufa niliagiza mwenyewe msalaba, nikaandikisha kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: PROFE. Nilifikiri ninamfanyia wema.

Basi, mwezi uliopita, Bel-Air. Vijana walishusha vifaa, mimi nikasimama mbele ya lango. Rangi imepasuka, kutu imekula chini, lakini juu kuko vilevile. Na nikaona kitu ambacho mtoto aliyelipita hakukiona. Pete mbili hazilingani. Ya kushoto ni ndogo, imegusa mteremko peke yake, na kwingine imeshikiliwa na vipande: kidogo chini, kirefu upande wa nguzo. Vipande vile vile nilivyoviziba mimi. Ya kulia ni kubwa zaidi, imesogea kuelekea nguzo, na imegusa vyuma vyote vitatu. Alama tatu za moto, hakuna kiraka. Nikapitisha kidole. Imegusa, haikukata. Imegusa, haikuacha.

Kushoto ilichomwa kabla ya siku ile ya darasani. Kulia, baada yake.

Ndipo nikakumbuka weupe kwenye mkono wa koti, na haikuwa chokaa. Ilikuwa chaki. Alikuwa haendi Luano. Alikuwa akienda, watoto wakishatoka, kukaa kwenye benchi langu.

Mwenye nyumba ni mjane mzee kuliko mimi. Alitoka na fimbo yake, akaniona nimeshika pete. "Unajua ile kazi ni ya nani?"

"Nasikiliza," nikasema.

"Ya fundi mumoja wa Hewa Bora. Siku ya kuleta alimuomba mume wangu arudishe ile ya kushoto, aifanye upya, bure. Anasema, hii nilifanyaka kabla ya kujua. Mume wangu akakatala, alikuwa na haraka, bageni banakuya. Yule fundi, mama, kila akipita huku alikuwa anageuza uso. Miaka yote." Akacheka. "Mimi nilikuwa namwita kama batu bote. Profe, karibu maji! Siku moja akaniambia, mama, pa kwako usiniite vile. Nikamuuliza ni kwa nini, ni jina ya muzuri. Anasema, ile jina ni ya binti yangu. Yeye njo alinipatiaka. Kule nyumbani ninaitika kwa ajili yake."

Vijana waliniuliza kama waanze kukata. Nikawaambia wasikate, wafungue bawaba. Nilikaa ndani ya gari, kioo nimekipandisha. Mzee yule hakuwa mjinga hata siku moja. Alikwenda kukaa mbele ya mwalimu wa binti yake na kujifunza upya, mtu na koti lake la harusi, na hakuweza kuniambia kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamvika ushindi na kuuimba barabarani. Kunifundisha mistari ya Metre kungekuwa kunivua ushindi ule. Akaniacha na msumari. Nami nikaja kumhurumia.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapo hapo Hewa Bora, na nyingine nimepangisha. Nina karakana yenye mashine tatu na vijana wanaoniita Mama Patroni. Nina gari la mizigo, siyo jipya. Nina malango yangu Bel-Air na kwingine, na pete zake zinagusa. Nina ubao wa msumari wa baba. Makaburini nimeweka msalaba mpya wenye jina lake alilobatizwa nalo, na nusu ya kulia ya lango nimeisimamisha pale iwe mlango wa uzio wake.

Nusu ya kushoto iko ukutani kwangu, na viraka vyake. Hiyo, ya kabla ya kujua, ni yangu.